Dunia, jua na mwezi: pa kuanzia kabla ya mtihani wa darasa la saba

Ikifika Agosti, simu za wazazi zinaanza. Mtoto yuko darasa la saba, mtihani wa Taifa ni Septemba, na kwenye jiografia kuna ile mada ya Dunia na mfumo wa jua. Daftari lote amelikariri, lakini akipewa swali lililogeuzwa kidogo tu, anakwama. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na ushauri wangu haubadiliki: asianze na orodha ya sayari. Aanze na miendo miwili ya Dunia, na kila tokeo alipeleke kwenye mwendo wake.

Mwendo wa kwanza: Dunia inajizungusha kwenye mhimili wake, kutoka magharibi kwenda mashariki, mara moja kwa saa 24. Huko ndiko wanakotoka usiku na mchana, tofauti ya saa kati ya mji na mji, na jua kuonekana likichomoza mashariki. Mwendo wa pili: Dunia inalizunguka jua kwa siku 365 na robo. Huko ndiko unakotoka mwaka, na mwaka mrefu wa siku 366 baada ya robo nne kukusanyika. Ukiongeza mwinamo wa mhimili, ndipo unapopata majira ya mwaka na mchana kurefuka au kufupika.

Mtunga mitihani anajua watoto wanachanganya, na hapo ndipo anapotegea. Anaandika matokeo manne, matatu ya mwendo mmoja na moja la mwendo mwingine, halafu anauliza lipi si tokeo la Dunia kujizungusha. Aliyekariri orodha moja ndefu iitwayo "matokeo ya miendo ya Dunia" hapo hana pa kushika.

Tuje kwenye saa, maana hapa alama hupotea bure. Nyuzi 360 ukizigawa kwa saa 24 unapata nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 1 kwa dakika 4. Ukienda mashariki unajumlisha, ukienda magharibi unatoa. Miji miwili ikiwa upande mmoja wa Greenwich, yaani longitudo 0, toa longitudo zake. Ikiwa pande tofauti, jumlisha. Mji wa nyuzi 40 mashariki na mji wa nyuzi 35 magharibi vinatofautiana kwa nyuzi 75, sawa na saa 5. Hesabu ni ya darasa la nne. Kinachowaangusha watoto ni siku.

Chukua mfano huu. Kwenye longitudo 0 ni saa 4 usiku, Jumatatu. Je, nyuzi 45 mashariki ni saa ngapi na siku gani? Nyuzi 45 ni saa 3, kwa hiyo ni saa 7 usiku. Wengi wanafika hapo salama, kisha wanaandika Jumatatu, kwa sababu mtoto anaona usiku ni ule ule, watu wamelala na hakujakucha. Kwenye mtihani tarehe hubadilika saa 6 usiku, si alfajiri. Jibu ni saa 7 usiku, Jumanne. Huwa nawaambia wachore mstari kwenye karatasi, waandike "saa 6 usiku" katikati yake, na wakiuvuka tu wabadilishe siku.

Hili la saa linaonekana hata hapa kwetu. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na mstari huo haupiti Tanzania kabisa; unapita mashariki zaidi, Somalia na Madagaska. Dar es Salaam iko nyuzi 39 na kitu, Kigoma pungufu kidogo ya nyuzi 30. Tofauti ni kama nyuzi 9 na nusu, ukizidisha kwa 4 unakaribia dakika 40. Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani Dar wanafuturu huku Kigoma jua bado linaonekana, ingawa saa za ukutani zinasoma sawasawa.

Kama shule ina uwanja, chomekeni kijiti wima na muweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi, kuanzia saa 5 na nusu mpaka saa 7 na nusu. Kivuli kilipo kifupi kuliko vyote ndipo jua lilipo juu kabisa kwa siku hiyo. Dar itakuwa saa 6 na dakika ishirini na kitu, Kigoma karibu saa 7 kamili, na dakika kadhaa za kuwahi au kuchelewa kutegemea ni mwezi gani wa mwaka. Mtoto aliyepima hivyo haulizi tena kwa nini longitudo inaleta tofauti ya saa. Mkifanya zoezi hilo Dar mwanzoni mwa Machi au karibu na tarehe 10 Oktoba, kivuli cha adhuhuri kinapotea kabisa, kwa sababu jua linakuwa la utosi.

Sasa majira ya mwaka, mada inayofundishwa vibaya kuliko zote. Niliwahi kuona karatasi ya mtihani wa majaribio ambamo jibu "sahihi" la sababu ya joto la Januari lilikuwa "Dunia iko karibu na jua". Aliyetunga swali hakukurupuka: Dunia kweli huwa karibu na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Na kwetu Januari ni joto, Julai ni baridi. Mtoto wa Tanzania anaona kila kitu kinakubaliana, na kwa hiyo anaamini kosa hili kwa urahisi kuliko mtoto wa Ulaya.

Dawa ni kumpeleka London. Januari hiyo hiyo, Dunia ikiwa karibu na jua, London mchana ni wa saa 8 hivi, na jua la adhuhuri linanyanyuka nyuzi kama 15 tu kutoka upeo wa macho. Kama ukaribu ndio ungekuwa sababu, dunia nzima ingepata joto kwa pamoja. Sababu ni mhimili. Umeinama nyuzi 23½ kutoka wima, na unaelekea upande ule ule mwaka mzima wakati Dunia inalizunguka jua. Kuna vitabu vinavyoandika nyuzi 66½. Navyo viko sahihi, vimepima kutoka kwenye bapa la njia ya Dunia. Soma swali limeuliza kipi.

Chomeka kijiti kwenye chungwa, liinamishe kidogo, kisha lizungushe kuizunguka taa bila kubadilisha kijiti kinaelekea ukuta gani. Hapo ndipo watoto wengi hukosea: wanakigeuza kijiti kiitazame taa muda wote, na majira yanapotea. Kikiachwa kielekee ukuta mmoja, utaona Juni kizio cha kaskazini ndicho kinachoinamia taa, na Desemba ni zamu ya kusini. Jua huwa la utosi kwenye Tropiki ya Kansa karibu na Juni 21, kwenye Tropiki ya Kaprikoni karibu na Desemba 22, na kwenye Ikweta karibu na Machi 21 na Septemba 23.

Tanzania nzima iko kusini mwa Ikweta, kuanzia nyuzi 1 hadi karibu nyuzi 12. Kwa hiyo Juni jua letu la mchana limesogea kaskazini na miale inatufikia kwa kulala. Ongeza upepo wa kusi, ongeza mwinuko wa Njombe wa karibu mita 2,000, na baridi ya kule Juni na Julai imeeleweka bila kuitaja kilomita hata moja ya umbali wa jua. Urefu wa mchana haubadiliki sana kwetu: Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote hautofautiani hata kwa saa moja.

Kupatwa kwa jua na mwezi kunataka mpangilio tu. Mwezi ukikaa katikati, jua linapatwa. Dunia ikikaa katikati, mwezi unapatwa. Watoto wa pwani wana njia ya mkato: jua hupatwa mwezi wa Kiislamu unapoishia, mwezi mpevu ndio unaoweza kupatwa. Basi kwa nini haitokei kila mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi kuliko njia ya Dunia, na mara nyingi kivuli kinapita juu au chini. Septemba 1, 2016 hakikupita pembeni: watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, wakaona jua limebaki pete. Lilibaki pete kwa sababu mwezi siku hiyo ulikuwa mbali kidogo na Dunia, ukaonekana mdogo kuliko jua, ukashindwa kulifunika lote.

Mpangilio huo huo ndio unaoleta bamvua. Mwezi mchanga na mwezi mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na bahari hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, vuta zao zinakuwa za pembe mraba na yanakuja maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Wavuvi wa Zanzibar na Kilwa hupanga kazi zao kwa hesabu hiyo.

Sayari sasa, kwa haraka. Ni nane. Zebaki ndiyo iliyo karibu zaidi na jua, lakini Zuhura ndiyo yenye joto kali zaidi, kiasi cha nyuzi joto 465, kwa sababu hewa yake nzito ya kabonidayoksaidi inazuia joto lisitoke. Hili ni swali la mtego. Mshtarii ni kubwa kuliko zote. Mwanga wa jua hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 20 hivi. Pluto iliondolewa kwenye hesabu ya sayari na wanafalaki wa dunia waliokutana Prague, Agosti 2006. Kama kitabu alichonacho mtoto bado kinasema sayari ni tisa, basi kimechapwa kabla ya hapo au kimenakili cha kabla ya hapo. Atumie ramani zake, mada hii aisomee kitabu kingine.