Je, wajua kwa nini dodoso la sauti halitafsiriwi tu na kuanza kutumika?

Mwalimu anafika kliniki sauti imemkauka. Daktari akipitisha kamera kooni ataona nyuzi za sauti, pengine zimeota vinundu. Kamera haitamwonyesha kwamba mgonjwa ameacha kupokea simu. Vinundu vya aina ileile vinaweza kumkosesha mwimbaji riziki, na mwingine anayeshinda kimya karakana asivijali. Hilo ni la kuuliza.

Ndiyo kazi ya V-RQOL, dodoso la jinsi sauti inavyoathiri maisha ya mtu, lililochapishwa Marekani mwaka 1999 na watafiti Hogikyan na Sethuraman. Lina vipengele 10 tu: kuishiwa pumzi ukiongea, kutosikika penye kelele, kurudiarudia ili ueleweke, kukwepa kutoka na watu, na vingine vya namna hiyo. Ukiangalia wiki mbili zilizopita, kila kipengele unakipa namba, kuanzia 1 (si tatizo) hadi 5 (hali mbaya kabisa). Jumla hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100, na kadiri zinavyopanda ndivyo hali ilivyo njema. Aliyejumlisha 10 hupata 100; aliyejumlisha 28 hupata 55.

Wabrazili wanaliita QVV. Uhakiki wa toleo lao la Kireno, yaani kupima kama linafanya kazi ipasavyo, ulifanywa na watafiti Gasparini na Behlau na kuchapishwa mwaka 2009. Mbona kazi yote hiyo kwa maswali 10? Kwa sababu baada ya kutafsiri, hujui bado kama ile 55 inapima kitu kilekile.

Kwa kawaida mmoja hutafsiri, mwingine ambaye hajaona dodoso la awali hurudisha tafsiri kwenye Kiingereza, kisha matoleo hulinganishwa. Wagonjwa wachache hujaribishwa, wakiwekewa na jibu la ziada: “hainihusu”. Wengi wakilichagua kwenye swali moja, swali hilo halijakaa sawa kwa watu wale.

Halafu mtu yuleyule hujaza mara mbili kabla ya kutibiwa. Leo 55, siku chache baadaye 80, na sauti ni ileile? Dodoso hilo halifai. Muda kati ya mara hizo ukiwa mfupi mno atakumbuka alichojibu. Ukiwa mrefu mno, huenda sauti yenyewe imebadilika. Wenye sauti nzima nao hujaza, maana alama zao zikilingana na za wagonjwa kuna kasoro. Kwangu mimi mtihani mzito ni wa mwisho: je, alama husogea mgonjwa akipata nafuu? Zisiposogea, kliniki itajuaje kama tiba inasaidia?

Uhakiki wa Brazil hauifungi kazi kwa kila anayeongea Kireno. Kwa jirani zetu wa Msumbiji, wengi hukulia kwenye Kimakua au lugha nyingine na kukutana na Kireno shuleni. Baadhi yao watahitaji kusomewa maswali, na mtu anayejibu mbele ya muuguzi huenda asikiri huzuni ambayo angeiandika akiwa peke yake.