Beseni la Kayabwe na maji ya bahari

Nikiwa na wageni barabara ya Masaka, hapa Uganda, lazima tusimame Kayabwe pale ikweta. Kuna kijana ana mabeseni matatu, moja upande wa kaskazini, moja kusini, moja katikati kabisa, anamwaga maji anaweka ua dogo juu, ua linazunguka huku, kule linazunguka kinyume, alafu katikati linashuka tu bila kuzunguka, anasema ni kwa sababu dunia inazunguka. Mimi kazi yangu ni mikondo ya maji na huwa nanyamaza nalipa, ila wacha niseme hapa: ni mkono wake tu, anavyomwaga. Beseni ni dogo mno, mzunguko wa dunia hauwezi kuonekana humo. Lakini maneno yake ni kweli, ukiyapeleka baharini.

Upepo ukivuma unaburuza maji ya juu, kama asilimia 2 au 3 ya kasi yake, yaani upepo wa mita 10 kwa sekunde unakupa mkondo wa sentimita 20 hadi 30 hivi kwa sekunde. Alafu kwa vile dunia inazunguka maji yanapinda, kaskazini mwa ikweta yanaenda kulia kwa upepo, kusini yanaenda kushoto. Nansen, mpelelezi wa Norway, aliona hivyo kwenye barafu ya Aktiki, bahari ya kaskazini kabisa ya dunia, akiwa na meli ya Fram, 1893 hadi 1896, na Ekman, mtaalamu wa bahari wa Sweden, akaja kupiga hesabu yake 1905.

Kwenye ikweta yenyewe hakuna kupinda. Sasa ufuate mstari wa Kayabwe uende mashariki, ukate Kenya, utokee baharini karibu na Kismayu, uzidi kwenda. Huko nje, Aprili na Mei, na tena Oktoba na Novemba, kaskazi na kusi zikipokezana, upepo unatoka magharibi na maji yanaufuata moja kwa moja kuelekea Sumatra, karibu mita 1 kwa sekunde. Wyrtki, mtaalamu wa bahari, aliueleza mkondo huo 1973, ukapewa jina lake. Hapo ndo ua linashuka bila kuzunguka, kweli kweli.

Ila ninaoupenda mimi ni mkondo wa Somalia, maana huo unageuka kabisa. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, unashuka kusini. Kusi ikishika unapanda kaskazini na kasi inapita mita 2 kwa sekunde, ni zaidi ya kilomita 7 kwa saa, ukitembea ufukweni unakuacha. Na kusi ikishavuka ikweta inapinda inakuja kutoka kusini-magharibi, inasukuma maji ya juu nje mbali na pwani, ya chini yanapanda kujaza, baridi, mahali pengine chini ya nyuzi 20, yana chakula kingi cha samaki.

Juzi Kasenyi, kando ya Ziwa Victoria, mzee mmoja mvuvi akaniuliza, mwalimu, na ziwa letu je? Nikamwambia mzee wangu, nalo linasukumwa, Juni mpaka Agosti upepo wa kusini-mashariki unaleta magugu maji kwenye ghuba zetu za huku, alafu kuna ule wa kila siku, mchana unatoka ziwani, usiku unatoka nchi kavu. Akacheka. Yeye anavua mukene, yaani dagaa, usiku kwa taa, huo wa usiku ndo anaujua kuliko mimi.