Kadi iliyong'aa kwenye simu ikafifia kwenye karatasi: dhana potofu kuhusu michoro ya wavuti na programu huria

Nilizaliwa Busia, mpakani, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko. Siku hizi niko Kampala, natengeneza zana ya kusanifu kadi na mabango ndani ya kivinjari. Kodi yake, yaani maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate, iko wazi kwa yeyote kuisoma na kuibadilisha; programu ya namna hiyo huitwa programu huria. Watumiaji wangu wengi ni vijana wa Nasser Road, barabara ya wachapaji, anakoishia karibu kila mtu anayetafuta kalenda, risiti au bango la mgombea. Dhana ninazozitaja hapa nimezisikia kwao, na baadhi nilikuwa nazo mimi mwenyewe.

"Kikionekana safi kwenye simu, kitachapwa safi."

Hii ndiyo iliyoniumiza kuliko zote. Toleo la kwanza la zana yangu lilichora kila kitu kwenye kanvasi, teknolojia ambayo Apple waliianzisha mwaka 2004 na vivinjari vingine vikaifuata. Kanvasi haikumbuki umbo. Ukishachora duara, kinachobaki ni pikseli, yaani nukta ndogondogo zilizopakwa rangi, basi. Kwa kipimo cha kivinjari, pikseli 96 kwa inchi, ukurasa wa A4 ni kama pikseli 794 kwa 1,123. Mchapaji anataka 300 kwa inchi, yaani 2,480 kwa 3,508.

Mama mmoja wa kwetu Busia alisanifu kadi za kwanjula ya bintiye, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, kwa zana yangu. Zilipotoka kwenye mashine, kingo za herufi zilikuwa na ukungu na majina ya wazazi yalisomeka kwa shida. Akanipigia: "Mwanangu, mbona kwenye simu zilikuwa nzuri?" Nilimlipia uchapaji wa pili, lakini siku tatu za maandalizi yake zilikuwa zimekwisha kupotea.

Wengi hushauri kanvasi ikuzwe tu. Piga hesabu: A4 ya kuchapwa ina pikseli takriban milioni 8.7, na kila pikseli hukalia baiti 4. Hizo ni karibu megabaiti 35 za kumbukumbu kwa ukurasa mmoja, kabla hujaongeza tabaka la pili la mchoro. Kwenye simu ya bei nafuu, kivinjari huzidiwa na kujifunga, na kazi ya mtu inapotea. Ndiyo maana nilihamia SVG, lugha ya michoro ya vekta ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliiidhinisha mwaka 2001. SVG huandika maelezo ya umbo: duara, kitovu chake, nusu kipenyo chake. Mashine huchora upya kutokana na maelezo hayo, iwe kadi au bango la ukutani.

Hiyo haina maana kwamba SVG inafaa kila mahali. Kila umbo lake ni kitu ambacho kivinjari lazima kikifuatilie, kwa hiyo ramani yenye nukta elfu hamsini italemea simu. Hapo rudi kwenye kanvasi, au tumia WebGL, iliyotoka mwaka 2011 na inayokabidhi kazi kwa kichakataji cha michoro.

"Kijani hiki ndicho nitakachopata."

Hapana. Kioo hutoa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Karatasi hubeba wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kijani kile kikali kinachowaka kwenye simu hakipatikani kwa wino hizo nne, na hakuna programu itakayokileta. Chapa karatasi moja ya majaribio kwanza. Hata wenye haraka, nawasihi.

"SVG ni picha tu."

Faili la SVG linaweza kubeba kodi ya JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na vivinjari. Likiwekwa ukurasani kama picha ya kawaida, kodi hiyo haitekelezwi. Likifunguliwa moja kwa moja kwenye kivinjari, inaweza kutekelezwa. Ukipokea mafaili ya watu kwenye seva yako, yasafishe kwanza.

"Mchango ni kodi, na kodi ni ya magwiji."

Mchango uliosaidia zana yangu kuliko wote ulitoka kwa mpanga herufi wa Nasser Road ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa kodi. Aliona kwamba neno la Kiganda *eŋŋaano*, ngano, linachapwa na visanduku vitupu mahali pa ŋ. Kwenye kioo tatizo lilijificha: fonti, yaani seti ya maumbo ya herufi, isipokuwa na herufi fulani, kivinjari huiazima kwenye fonti nyingine kimyakimya. Mashine ya kuchapa haikuazima. Aliniletea jina la fonti, picha ya kadi iliyoharibika na hatua alizopitia. Kwa taarifa kama hiyo, nilirekebisha jioni ileile: sasa zana hugeuza herufi kuwa maumbo kabla ya faili kwenda kwa mchapaji.

"Ni ya bure, chukua tu."

Kodi kuwekwa hadharani si ruhusa. Isipokuwa na leseni, haki zote ni za mwandishi. Leseni ya MIT inakuruhusu hata kuuza, mradi uache tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni. Leseni ya GPL inakutaka, ukisambaza toleo ulilobadilisha, utoe na kodi yake kwa leseni hiyohiyo. Kuna aliyechukua zana yangu, yenye leseni ya MIT, akaiuza kwa jina lake. Kuuza hakunikosea. Alinikosea kwa kufuta tangazo lenye majina ya waliochangia, maana hayo ndiyo malipo pekee waliyoyapata.

"Programu huria ni za kujifunzia."

UgandaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa katika vituo vya afya hapa nchini, umejengwa juu ya OpenMRS, mradi huria.

"Kodi ikiwa wazi, hitilafu zitaonekana zenyewe."

Hitilafu ya usalama iitwayo Heartbleed iliingia kwenye toleo la mwaka 2012 la OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya intaneti, na ikatangazwa Aprili 2014. Kwa miaka miwili ilikuwa wazi mbele ya dunia nzima, kwenye programu iliyolinda sehemu kubwa ya intaneti huku ikitunzwa na watu wachache mno. Mradi wangu ni mdogo sana kuliko huo. Tunautunza watatu, na mmoja wetu ana mtoto mchanga, kwa hiyo kwa sasa tuko wawili. Ukituandikia na wiki mbili zikapita bila jibu, tuandikie tena, na utuambie ni fonti gani.