Acheni kuitafsiri "averiguar" kuwa "kujua"

Sentensi ya Kihispania iliyonifanya nikae kuandika ni hii: *Ayer averigüé que mi tía está enferma*. Mwanafunzi alikusudia kusema "jana nilipata habari kwamba shangazi anaumwa". Mnyambuliko umekaa sawa, nukta mbili ziko juu ya u, alama ya mkazo iko mahali pake. Ila msemaji wa Kihispania akiisoma anamwona mtu aliyekuwa na wasiwasi na shangazi yake, akaanza kuulizia kwa majirani, pengine akapiga simu hospitali, mpaka ukweli ukatoka. Kama shangazi alikuwa akiuficha ugonjwa wake, sentensi ni sahihi kabisa. Kama dada yako alikutumia ujumbe tu, kitenzi hicho si chako.

Kosa hili linazaliwa kwenye orodha za msamiati zinazosema "averiguar: kujua, kugundua". Kujua ni hali, *averiguar* ni kazi. Kamusi ya Real Academia Española, taasisi ya lugha ya Kihispania, inaieleza kuwa ni kuutafuta ukweli mpaka uugundue, na shina lake ni *verificare* ya Kilatini, yenye neno la "kweli" tumboni. Kwa Kiswahili tuna "kufuatilia", "kuulizia", "kuchunguza", na kazi ikifika mwisho, "kubaini". Chagua mojawapo kulingana na wakati wa kitenzi, maana wakati ndio unaosema kazi imefika wapi. *Estoy averiguando*: bado nafuatilia, sina jibu. *Averiguaba*: nilikuwa nafuatilia. *Averigüé*: nilifuatilia nikajua. *No he podido averiguarlo*: nimehangaika nalo, jibu sijalipata. Hiyo ya mwisho ishike kwa moyo. *No lo averigüé* peke yake haisemi kama ulishindwa au hukujishughulisha kabisa, na anayekusikiliza atachagua maana anayoitaka yeye.

Habari iliyokujia yenyewe ni ya *enterarse*. *Me enteré de que mi tía está enferma*: nimesikia, nimepata habari. *Me enteré por mi hermana*: nilizipata kwa dada. Kitenzi hiki hakitembei bila kiungo cha kujirejea (*me, te, se*), na kikitaja habari yenyewe kinadai pia kihusishi *de*. Mitaani, hasa Amerika ya Kilatini, utasikia *me enteré que*, bila *de*. Kwenye mtihani na kwenye barua weka *de*. Kwa *averiguar* mambo yamegeuka: *averigüé que*, kamwe si *averigüé de que*. Wanaojifunza vitenzi hivi viwili kwa siku moja huhamisha *de* kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kwa hiyo usivijifunze siku moja.

Kipimo changu ni kuongeza *por casualidad*, yaani "kwa bahati tu". *Me enteré por casualidad* inakubali bila shida. *Lo descubrí por casualidad* inakubali pia, maana *descubrir* ni kugundua, na kugundua kunaweza kuwa kwa kupanga au kwa kujikwaa. *Lo averigüé por casualidad* inakwaruza sikio. Umefuatilia kwa makusudi, hiyo bahati inatoka wapi?

Sasa nieleze pale mstari unapofifia, maana vitabu vingi vinapita hapa kimyakimya. Kwanza, *enterarse* si ya kupokea tu. Ukiambiwa *entérate de cuánto cuesta*, umetumwa ukaulizie bei. *Voy a enterarme de los horarios* ni "naenda kuulizia ratiba". Ikiwa amri au mpango wa baadaye, *enterarse* inajongea kwenye kiti cha *averiguar*. Ikiwa wakati uliopita, inarudi kwake: *me enteré*, nilipata habari. Pili, *averiguar* yenyewe imelegea katika nchi kadhaa za Amerika. Mtu wa Kolombia au Peru anaweza kusema *averigüé en tres tiendas y nadie lo tenía*: nimeulizia maduka matatu, hakuna aliyekuwa nacho. Hakuna ukweli uliogunduliwa hapo, kuna kuulizia tu, na ile "mpaka" ya kamusi imeanguka njiani. Ni kosa? Wanaosema hivyo ni wengi mno kuitwa wakosaji, nami sikati kwa kalamu nyekundu. Ila ukitaka ueleweke kila mahali, sema *pregunté en tres tiendas*.

Kinachofuata *averiguar* ni kitu usichokijua: *la dirección, el precio, la causa*, au swali zima: *averigua quién llamó, averigua si hay sitio, averigua cuánto cuesta*. Maneno ya swali hubaki na alama zao za mkazo hata yakiwa katikati ya sentensi. Baada ya *si* hapa usiweke hali tegemezi (*subjuntivo*). Ni *averigua si viene*, si *averigua si venga*. Mtu hawi yambwa (mtendwa) wa *averiguar*: sisi tunasema "nimemchunguza Juan", wao *he investigado a Juan*. Wala kitu kilichopotea hakifuatiliwi kwa kitenzi hiki. *Averigua mis llaves* haina maana. Funguo ni *buscar*. Ila *averigua dónde están mis llaves* ni sawa, kwa sababu unachokitafuta sasa ni jibu, wala si funguo.

Kisha kuna ile kanuni inayozunguka mitandaoni kama vile ni aya ya sheria: "*sabía* ni nilijua, *supe* ni nilipata kujua". Nusu yake ni kweli. *Supe la verdad en 2019* ni "nilikuja kujua ukweli mwaka 2019", na Kiswahili kinatubeba vizuri hapa, kwa sababu "nilikuja kujua" na "nikajua" zinaonyesha kile kile ambacho *supe* inaonyesha: mlango wa kuingilia kwenye kujua. Lakini *siempre supe que eras tú* si "sikuzote nilipata kujua". Ni "tangu zamani nilijua ni wewe". *No supe qué decir* ni "nilikosa la kusema". *No supo contestar*, alishindwa kujibu. Wakati huu wa kitenzi hulitazama jambo zima, na mwanzo wa jambo ni sehemu moja tu ya kulitazama. Anayekufundisha kwamba *supe* siku zote ni "nilipata kujua" amekupa ufunguo wa chumba kimoja akakuambia ni wa nyumba nzima. Tofauti yake na *averigüé* ni kwamba *supe* haisemi chochote kuhusu jasho: huenda ulichunguza, huenda uliambiwa.

Tuje kwenye matamshi, maana hapa Mswahili ana kosa lake maalumu ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wengine havilioni. Tukiona *averiguo* tunasoma mwisho wake kama "nguo". Tukiona *averigua* tunaisoma kama "chagua". Matokeo yake ni a-ve-ri-GU-o, silabi tano, mkazo kwenye *gu*. Si hivyo. Hiyo u ni nusu irabu, ni w yetu. Soma *gwo* na *gwa*, kama mwanzo wa "gwaride". Ukishaandika kichwani mwako "averigwo", kanuni yako ya asili ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho inakupa jibu sahihi bila kujitesa: a-ve-RI-gwo. Hata wenyewe wapo wanaoteleza wakasema *averigúo*, wakivutwa na *actúo* ya *actuar*, lakini usanifu haukubali. Kundi hili ni la *aguar, apaciguar, atestiguar, santiguar*. Yote yanakwenda njia moja. Hiyo g katikati ya irabu ni laini, jirani wa gh ya "ghali" isiyokwaruza. V ni b iliyolegea.

Nukta mbili zinatokana na hiyo w. Mbele ya *e* na *i*, u inayofuata g huwa kimya: *guerra* ni "gera", *guitarra* ni "gitara". Ukiiandika *averigué* bila nukta, umeandika "averige". Nukta zinairudishia u sauti yake, kama kwenye *pingüino* na *vergüenza*. Kwa hiyo nukta hutokea mahali pawili: nafsi ya kwanza ya wakati uliopita, *averigüé*, na hali tegemezi yote ya wakati uliopo, *averigüe, averigües, averigüemos, averigüéis, averigüen*. Mbele ya *a* na *o* hazitakiwi: *averiguaste, averiguó*. Kwenye simu bonyeza u bila kuachia, ü itajitokeza. Hakuna sababu ya kuiacha.

*Averigüé* na *averigüe* zinatofautishwa na alama moja, na sikioni ni mkazo: a-ve-ri-GWE ni "nilibaini", a-ve-RI-gwe ni "abaini". *Espero que lo averigüe* ukiipa mkazo wa mwisho inaharibika.

Viambatanishi hubadilisha maandishi tena. *Averigua* ikipata *lo* nyuma yake, mkazo unabaki palepale lakini silabi imeongezeka, hivyo lazima uandike alama: *averígualo*. Kwa mtu wa kumheshimu, *usted*, inakuwa *averígüelo*, yenye alama juu ya i na nukta juu ya ü kwa pamoja. Zote mbili ni halali na zote mbili ni lazima. Katazo linarudisha *lo* mbele: *no lo averigües*.

Ukianza, anza na *déjeme averiguar*, "niache niulizie". Utaihitaji kazini, kaunta, kwenye simu, na hakuna nchi itakayoikosea maana. *¡Te vas a enterar!* usiitamke kwa kujaribu, maana hiyo si ahadi ya habari: ni "utanitambua!"

Na *averígüelo* ina methali yake, *Averígüelo Vargas*, inayosemwa jambo likiwa gumu kubainika. Inasimuliwa kwamba malkia Isabel wa Castilla, aliyetawala 1474 hadi 1504, alikuwa akiandika maneno hayo kwenye malalamiko yaliyomfikia, akimtupia kazi afisa wake Francisco de Vargas. Hakumwandikia *entérese*. Habari ilikuwa imeshafika mezani kwa malkia. Kilichobaki kilikuwa kazi ya kuufuatilia ukweli wake, na kazi hiyo ilikuwa ya Vargas.