Homa ya Ini C: Usisubiri Macho Yawe ya Njano

Homa ya ini C ni nini?
Ni maambukizi ya kirusi kinachoenezwa kwa damu na kushambulia ini. Haina chanjo, ile uliyochanjwa ni ya aina ya B. Lakini ina dawa, na inapona.

Mimi siumwi popote. Nipime ya nini?
Wengi wenye kirusi hiki hawaumwi popote, hata kwa miaka 20. Kati ya watu 10 walioambukizwa, kama 3 hupona wenyewe ndani ya miezi 6. Waliobaki wanaishi nacho huku ini likiharibika polepole.

Si macho yatakuwa ya njano kwanza?
Hapana. Hospitalini tunaletewa mgonjwa tumbo limejaa maji, miguu imevimba, anatapika damu, na ndugu zake wanasema macho yamebadilika juzi tu. Kwa aliyekaa na kirusi miaka mingi, macho yakifika hapo mara nyingi ini limeshachoka. Usisubiri manjano. Kama uliwahi kujidunga, kuchanjwa chale kwa wembe wa wengi au kuongezewa damu isiyopimwa, nenda kapime wiki hii.

Nianze na dawa ya kusafisha ini?
Tafadhali, usianze. Mizizi isiyojulikana kipimo chake inaliongezea kazi ini ambalo tayari ni gonjwa, na miezi inapita. Acha na pombe, yote. Tiba ni vidonge, kwa kawaida sofosbuvir na daclatasvir kwa wiki 12, na zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 hupona. Mwenye tumbo lililojaa maji hutibiwa pia, ila kwa ugumu zaidi. Ndiyo maana narudia: usisubiri manjano.

Nitengewe vyombo?
La! Sahani, kikombe, kukumbatiana na kukohoa haviambukizi. Nimekuta nyumba ambayo mama amepewa sahani yake peke yake, kumbe wembe mmoja wa bafuni unanyoa watu wote. Tenga wembe, mswaki na kikata kucha. Kwa kinyozi, wembe ufunguliwe mbele yako. Anayejidunga asichangie sindano, wala kijiko, pamba au maji ya kuchanganyia. Damu ikimwagika, vaa glavu, ifute kwa maji ya klorini.

Na mwenzangu? Na mtoto?
Kwa wenza wawili, ngono huambukiza kwa nadra. Tumieni kondomu wakati wa hedhi au mkiwa na vidonda. Mjamzito amwambie mkunga, maana watoto kama 5 kati ya 100 huzaliwa wameambukizwa. Kunyonyesha ruksa, isipokuwa chuchu zikipasuka na kutoa damu, subiri zipone.

Nimemaliza dozi, mbona kipimo bado kinaonyesha ninao?
Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na kirusi, na hizo hubaki hata ukipona. Omba kipimo cha kirusi chenyewe, wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Ukichangia sindano tena, unaweza kuambukizwa upya. Na kama ini lilikuwa limeshasinyaa, endelea kupigwa ultrasound kila miezi 6 hata baada ya kupona, kwa sababu saratani ya ini bado inaweza kutokea.