Viti Si Dawa: Kusimama Uwanjani, Dhana na Ukweli

Wiki jana nilipigiwa simu na mwenyekiti wa kamati ya mashindano ya mtaa hapa Malindi. Kombe wameshanunua, refa wameshapata, spika wameshakodi. "Na usalama tumeumaliza, Mwalimu," akaniambia. "Safari hii hakuna mtu kusimama. Tumekodi viti elfu moja vya plastiki." Nikamuuliza geti lina upana gani. Akanyamaza. Nikamuuliza ufunguo wa geti la pili anao nani. Akasema ataulizia.

Kazi yangu ni kufundisha wasimamizi wa mashabiki, Malindi, Kilifi na mara chache Lamu, na hilo neno la viti nimelisikia kwa wenyeviti, kwa madiwani na kwa makocha mpaka limenichosha. Kila ninapopendekeza sehemu maalumu ya kusimama, yenye ngazi na reli, natazamwa kama mtu anayetaka kuua watoto wa watu. Basi leo niyaseme yote mahali pamoja.

"Weka viti, hatari imekwisha"

Anayesema hivi hutaja mkasa wa uwanja wa Hillsborough, Uingereza, na wengi wanaoutaja hawajui kilichotokea pale. Ilikuwa tarehe 15 Aprili 1989 mjini Sheffield, nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest. Waliofariki ni 97, wa mwisho akifa mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile. Walikuwa wamesimama, ni kweli. Lakini walikuwa wamesimama ndani ya vizimba vyenye uzio kushoto, kulia na mbele. Nje ya upande wa Leppings Lane watu walirundikana kwenye milango michache ya kuzunguka, na saa nane na dakika 52 mchana polisi wakaamuru geti kubwa lifunguliwe. Mbele ya geti palikuwa na njia ya chini ya jukwaa inayoteremka moja kwa moja hadi kizimba cha 3 na cha 4, ambavyo vilikuwa vimeshajaa. Hakuna aliyeifunga. Vizimba vya pembeni vilikuwa na nafasi, na hakuna aliyewaelekeza watu huko. Wa nyuma hawakujua kwamba wa mbele wanakata roho, na wa mbele walikuwa na waya usoni. Mechi ilisimamishwa saa tisa na dakika sita. Mwaka 2016 jopo lililosikiliza uchunguzi wa vifo hivyo likaamua kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuchangia kwa mwenendo wao.

Hebu nionyesheni katika habari hiyo mahali ambapo kusimama ndiko kulikoua. Mimi naona watu wengi kupita kiasi katika nafasi ndogo, njia isiyofungwa, na uzio usiofunguka. Jaji Taylor, aliyepewa kazi ya kuchunguza, aliliona hilo. Katika ripoti yake ya mwisho ya Januari 1990 alikiri kwamba kusimama kwenyewe si hatari kwa asili yake. Hata hivyo akapendekeza viti, na kufikia Agosti 1994 viwanja vya madaraja mawili ya juu Uingereza vilitakiwa viwe vya viti vitupu.

Kwa nini viti vilisaidia? Hapa ndipo ninapopoteza sauti yangu kila semina. Kiti kilichofungwa kwa bolti hakikuokoi kwa sababu umekikalia. Kinakuokoa kwa sababu kinahesabu. Viti 800, watu 800, na kila mtu ana nafasi yake ambayo jirani hawezi kuisukuma. Hesabu ndiyo iliyokuwa imekosekana Hillsborough, na hesabu inaweza kuwekwa bila kumkalisha mtu.

Sasa kiti cha plastiki cha kukodi kinahesabu nini? Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye fainali moja hapa Pwani, uwanja sitautaja. Viti vilipangwa safu kumi, vyeupe, vizuri kama vya harusi. Kufikia nusu ya kwanza safu hazikuwepo tena: huyu amevuta chake mbele, yule amempakata mwanawe na kumpa shemeji kiti. Ilipopigwa penalti watu hawakusimama chini, walipanda juu ya viti. Nilikuwa hatua tano tu kutoka kwa kijana mmoja mwenye jezi ya njano. Miguu ya nyuma ya kiti chake ilizama mchangani, kiti kikafyatuka, naye akaangukia watu watatu waliokuwa wamepanda vyao. Mtoto wa miaka kama sita alibanwa mguu katikati ya viti viwili vilivyolaliana. Tulipojaribu kumfikia, kila hatua ilikuwa kiti kimepinduka, miguu minne juu. Watu walipoanza kutoka, nusu ya geti ilikuwa imefungwa kwa kufuli, kwa sababu muuza tiketi alitaka watu wapite mmoja mmoja. Mtoto alipona. Lakini tangu siku ile nikiona viti vya plastiki vimepangwa uwanjani naona vizuizi elfu moja vimetawanywa kwenye njia ya kutokea.

Sehemu salama ya kusimama ni kitu kingine kabisa. Ni ngazi, safu moja moja, na kila safu ina reli ya chuma kwenye usawa wa kiuno, mbele na nyuma. Wimbi la watu haliwezi kushuka kutoka juu hadi chini, kwa kuwa kila reli inalikata. Timu ikifunga, ukiruka, utaishia kwenye reli yako. Celtic ya Uskoti waliweka nafasi kama hizo karibu 3,000 mwaka 2016, reli na kiti kinachokunjwa na kufungwa. Uingereza walianza majaribio Januari 2022 katika klabu tano, Chelsea, Manchester United, Manchester City, Tottenham na Cardiff City, na msimu uliofuata milango ikafunguliwa kwa klabu nyingine zinazotimiza masharti. Sababu ni ya kawaida sana: miaka yote ile ya viti, mashabiki wa nyuma ya goli walikuwa wanasimama tu, na kiti cha mbele kinawagonga ugoko. Ukisimama nyuma ya kiti kisicho na reli, ukisukumwa unapinduka juu yake. Reli imeondoa hilo.

Kwa uwanja kama wetu wa Alaskan, au uwanja wowote wa mtaa wenye mteremko wa udongo, hili halihitaji pesa za Ulaya. Lima ngazi, zitie zege, simika paipu za chuma ndani ya zege. Nasema paipu na nasema zege. Lamu waliwahi kunionyesha boriti za mikoko zilizochimbiwa mchangani na kufungwa kamba, nikaweka bega langu tu na boriti ikalala. Kizuizi kinachovunjika ni kibaya kuliko kutokuwa na kizuizi: kule Hillsborough kizuizi kimoja cha kizimba cha 3 kilivunjika na watu wakaporomokeana.

"Eneo la kusimama unajaza watu mara mbili"

Hii ndiyo sababu halisi ya baadhi ya wenyeviti kubadilisha mawazo ghafla na kunikubali, nami huwakatisha tamaa palepale. Uingereza ni mtu mmoja kwa kiti kimoja, hata akisimama. Dortmund ya Ujerumani, ambayo jukwaa lake la kusini hubeba karibu watu 25,000 waliosimama, inaruhusiwa zaidi, lakini kwa jukwaa lililojengwa kwa kazi hiyo.

Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza, ulioanza kutolewa 1973 baada ya watu 66 kufa kwenye ngazi za uwanja wa Ibrox, Glasgow, mwaka 1971, unaweka kikomo cha watu 47 kwa kila mita 10 za mraba. Pale ambapo hali si nzuri, punguza. Kipande cha mita 20 kwa 10 kisizidi watu 940. Na mlango wa kutokea kwenye ardhi tambarare hupitisha watu 82 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana, nao wote wanatakiwa wawe wametoka kwenye sehemu yao ndani ya dakika 8. Piga hesabu ya geti la mita 1.2: watu 98 kwa dakika, chini ya 800 kwa dakika 8. Ukiingiza watu 3,000 na geti hilo moja, wa mwisho atatoka baada ya nusu saa. Unahitaji mageti manne kama hilo, yote wazi. Ndiyo maana natembea na futi kamba mfukoni, na mwenyekiti asiyejua upana wa geti lake simsikilizi habari za viti.

"Walikufa kwa kukanyagana"

Magazeti yetu yana neno moja tu, mkanyagano, na neno hilo linawabebesha marehemu lawama, kana kwamba walikimbia kama ng'ombe. Mara nyingi hakuna aliyekimbia wala kukanyagwa. Ni mbanano. Watu wakifika sita au saba kwenye mita moja ya mraba, hawatembei tena, wanabebwa, kama maji yanavyobeba. Kifua kinabanwa kiasi kwamba hakiwezi kupanuka kuvuta pumzi, na mtu anakufa amesimama wima, viatu vyake safi. Aliyepita vichochoro vya Lamu siku za Maulidi anajua kuminywa bega kwa bega, lakini pale kuna vipenyo vya pembeni, na msongo unapata pa kutokea. Mweke mtu kwenye njia ya aina hiyo iliyoziba mbele, kisha ongeza watu nyuma.

Ukilielewa hili, utaona kwa nini vifo vingi vya viwanja vyetu vya Afrika havihusiani na kukaa wala kusimama jukwaani. Nyayo, Nairobi, Oktoba 2010, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards: watu 7 walikufa getini. Ellis Park, Johannesburg, Aprili 2001: watu 43, kwa sababu watu waliendelea kusukumana kuingia uwanja uliokwisha kujaa. Olembé, Yaoundé, Januari 2022: uwanja mpya wa viti 60,000, watu 8 wakafia mlangoni kabla hawajakiona kiti hata kimoja.

Dhana nyingine nitazipitia haraka, kwa kuwa hazistahili zaidi.

Kwamba uzio mrefu na seng'enge vinalinda: Bradford, Uingereza, Mei 1985, jukwaa la mbao lilishika moto na watu 56 wakafa. Wengi walionusurika ni walioruka wakaingia uwanjani, kwa kuwa mbele hapakuwa na uzio. Mageti ya nyuma yalikuwa yamefungwa.

Kwamba gesi ya machozi hutuliza: Accra, Mei 2001, watu 126 walikufa. Malang, Indonesia, Oktoba 2022, watu 135. Ukimpofusha mtu na njia ni nyembamba, atakwenda wapi?

Kwamba wanaosimama ni wahuni: nendeni mkaone akina mama wa Shela na Maweni wanavyosimama dakika 90 na ngoma zao, kisha mje mniambie neno hilo tena.

Kwamba mashirika ya soka yamekataza: michuano mikubwa ya kimataifa kweli hudai viti, lakini hata UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilianza mwaka 2022 kujaribu kusimama katika mechi zake Ujerumani, Uingereza na Ufaransa. Na mashindano ya mtaa wako hayasubiri ruhusa ya Uswisi, yaliko makao ya mashirika hayo, ili utie zege.

Mwenyekiti aliyenipigia simu amekubali kurudisha viti mia saba na kubakiza mia tatu kwa wazee na wageni, vifungwe kamba kumi kumi wala visiwekwe mbele ya geti lolote. Ngazi zitakuja mwakani akipata pesa. Nusu fainali ni Jumapili. Nitakuwepo saa sita mchana, kabla ya tiketi kuanza kuuzwa, na nataka nimkute mwenye ufunguo wa geti la pili amesimama pale getini, ufunguo ukiwa mkononi mwake, si kwenye droo ya ofisi.