Golden Gate Quartet walifanya mazoezi, tena makali

Nimechoka kusikia kwamba Golden Gate Quartet, kundi la Wamarekani weusi lililoimba nyimbo za dini bila ala, "walijaliwa upako tu, mazoezi ya nini?" Wanaosema hivyo ni waimbaji wa leo, tena mara nyingi ni wale wanaochelewa mazoezini. Upako siupingi. Ninachopinga ni kuwanyima watu wale jasho lao.

Kundi lilianza Norfolk, Virginia, mwaka 1934, vijana wa sekondari ya Booker T. Washington wakiimba pamoja na watu wazima, mmoja wao kinyozi. Redio ikawachukua. Tarehe 4 Agosti 1937, katika hoteli moja ya Charlotte, walirekodi nyimbo 14 kwa takriban saa mbili. Piga hesabu: hazifiki dakika tisa kwa wimbo, na enzi hizo hapakuwa na kukata na kuunga rekodi. Mmoja akiteleza, wimbo unarudiwa mzima. Nani anaweza hilo kwa kubahatisha?

Sikilizeni "Gospel Train" ya siku ile, lakini mwacheni kiongozi. Fuateni sauti za nyuma. Hazishikilii noti ndefu kama tunavyozoea kwenye tenzi. Zinakatakata silabi, zinasukuma mdundo, hadi unalisikia treni lenyewe, bila ngoma wala gitaa. Besi ya Orlandus Wilson haifuati tu, inatembea. Juu yake Willie Johnson anasimulia zaidi ya kuimba, na kila neno linatua ndani ya mdundo. Halafu hawapigi kelele! Wanaimba karibu na maikrofoni, kwa sauti ndogo, na ndiyo maana hata pumzi zao zilibidi zipangwe. Sauti kubwa inaficha makosa, sauti ndogo inayaanika. Mbinu ya kuiga ala kwa mdomo waliichukua kwa Mills Brothers, kundi la nyimbo za kidunia, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Hata kuwaita kundi la injili huwa nasita. Mtindo wao ni jubilee, wa simulizi za Biblia na mdundo, na waliupeleka hadi Café Society, klabu ya usiku ya New York. Kuna siku nasikia mahubiri, siku nyingine nasikia ufundi mtupu. Sijaamua.

Mwenye kubisha achukue wenzake watatu, wazime kinanda, waimbe ubeti mmoja wa ile "Gospel Train" kwa sauti ya chini bila kushuka ufunguo.